Hosipawa za Kisumu sio hosipawa za Timboroa: uvumi wa injini mpya za pikipiki za theluji

Kila mwaka ikikaribia Februari hivi mpaka Machi, watu wanaofuatilia pikipiki za theluji wanaanza kutumiana picha za giza giza za mashine imefunikwa turubai, ati hii ndio modeli ya msimu ujao, ati injini imeongezwa, ati turbo, ile ya kuisukumia injini hewa, imebadilishwa, na kila mtu ana rafiki ambaye ana rafiki kiwandani. Mimi niko Nakuru. Theluji ya karibu nami ni ile kidogo imebaki juu ya Mlima Kenya na hata hiyo inazidi kuisha. Lakini hizi mashine nimezifuatilia miaka mingi na nazipenda kabisa, kwa sababu ni injini za watu wa mlima na shida yao naijua. Mtu wa Colorado anayepanda mita 3,000 na mashine yake, na dereva wa lori la viazi anayepandisha Mau Summit usiku, wote wawili wananyimwa kitu kimoja, hewa. Kwa hivyo uvumi wa injini mpya ukinifikia nausikiliza kama mtu wa Rift, na kusema kweli mwingi haunifurahishi, kwa sababu watu wanabishana juu ya namba ambayo mlimani haina kazi.

Kwanza tuelewane hii kitu ni nini. Mbele ina skii mbili za kuongoza, nyuma ina mkanda mrefu wa raba wenye meno, na zile za mlimani mkanda wake unafika inchi 165 na hata kuzidi, na meno ya inchi 2.5 mpaka 3 ndio ichimbe theluji laini bila kuzama. Haina gia kama boda, inaendeshwa na mkanda na puli mbili zinazojibadilisha zenyewe, mambo ya skuta. Injini nyingi za mlimani ni tustroki ya silinda mbili, karibu cc 850, inachoma petroli pamoja na oili kama pawasoo, kama ile Yamaha ya zamani ya maafisa wa kilimo iliyokuwa inaacha moshi wa buluu kwa barabara ya mashamba na unajua afisa amepita hata kama hujamwona. Ski-Doo, mojawapo ya watengenezaji wa hizi mashine, walipotoa injini yao ya 850 E-TEC kwa modeli ya 2017 ilikuwa hosipawa 165, yaani nguvu za farasi 165. Boda ya cc 150 tunayopanda hapa iko na kama 12. Hesabu mwenyewe, karibu boda 14 zimewekwa ndani ya kitu cha kilo kama 200.

Sasa hiyo 165 inapimwa wapi? Hapo ndio stori yote iko. Namba ya kwenye karatasi ni ya usawa wa bahari, ama imepigiwa hesabu iwe kama iko usawa wa bahari. Ukichukua presha ya hewa ya Mombasa useme ni 100, Kisumu iko kwa mita 1,130 hivi na hapo inabaki kama 87, Nakuru kwa mita 1,850 inabaki kama 80, na Timboroa ukipita mita 2,700 uko kwa 72 hivi. Injini bila turbo inavuta kile hewa imeipa tu. Hewa ikiwa nyepesi inajaza silinda nusunusu, petroli inayoweza kuungua vizuri inapungua, na nguvu inapungua karibu kwa kiwango hicho hicho, kwa hesabu ya mafundi ni kama asilimia 3 kila ukipanda mita 300. Peleka hiyo mashine ya 165 mpaka mita 3,000 na imebaki na 115. Hosipawa 50 zimeenda, na ni huko huko juu ndiko mwenyewe alinunua mashine ili aende.

Sikuisoma hii mahali, niliiona kwa plagi.

Binamu yangu alinunua pikipiki ya 150 akiwa Kisumu, akaipanda huko chini mwaka mzima bila shida, halafu akapata kazi ya kubeba maziwa na viazi upande wa Timboroa. Kufika tu pikipiki ikaanza kukataa. Asubuhi inawaka kwa shida, ikipanda kilima na mzigo inakohoa, petroli inaisha haraka, eksosi inatoa moshi mweusi. Akaona ameuziwa mkebe. Tukaenda na yeye kwa fundi mmoja mzee pale kwa barabara, yule mzee hakuuliza maswali mengi, alishika spana ya plagi, akafungua, akaiinua juu kwa mwanga akaniambia nitazame. Ilikuwa nyeusi tititi, ile nyeusi kavu ya masizi, ukiigusa inakupaka kidole. Akasema pikipiki haina kosa lolote, ni kwamba kabureta bado inamwaga petroli ya Kisumu na hewa ni ya Timboroa. Akatoa jeti kubwa, kile kitundu cha kupimia petroli ndani ya kabureta, akaweka ndogo kidogo, akasafisha plagi kwa brashi ya waya, na jioni hiyo pikipiki ilipanda na galoni za maziwa bila kukohoa. Nguvu yote haikurudi, hiyo huwezi kurudisha kwa jeti, lakini ilikuwa inaungua safi.

Miezi michache baadaye kukawa na matanga nyumbani, binamu akashuka nayo mpaka Kisumu, na mtu mwingine nyuma, na jua la kule unalijua. Pale Ahero ikaanza kupasua kwa eksosi na injini inanuka moto. Fundi wa Kisumu naye akafungua plagi, mara hii ilikuwa nyeupe kama jivu, akamwangalia binamu akamwuliza, "Omera, nani ameinyima petroli hivi?" Ni ile jeti ndogo. Huku chini hewa ni nzito na petroli haitoshi, injini inaungua moto kupita kiasi, na angeendelea na huo mwendo pistoni ingeshika. Mpaka leo binamu yangu anatembea na jeti mbili ndani ya kiberiti, moja ya juu moja ya chini, na plagi akiifungua anataka aone ile rangi ya kahawia kama chai ya rangi iliyokolea.

Nimekaa sana na hiyo stori kwa sababu watu wa pikipiki za theluji wameishi hivyo hivyo miaka mingi. Enzi za kabureta walikuwa wanabeba jeti, wanabadilisha kulingana na mlima na baridi ya siku hiyo, na baridi nayo inaongeza uzito wa hewa kwa hivyo asubuhi na mchana sio sawa. Injekisheni ilipokuja ikamaliza shida ya jeti, kompyuta inapima presha ya hewa na joto halafu inagawa petroli yenyewe. Plagi ikawa safi. Lakini zile hosipawa 50 bado zilikuwa zimepotea, kwa sababu kompyuta inaweza kupunguza petroli ilingane na hewa lakini haiwezi kutengeneza hewa. Wa kutengeneza hewa ni turbo.

Na turbo hapa kwetu sio kitu geni. Simama Salgaa usikilize malori yanapopanda, utasikia ile filimbi nyembamba, hiyo ni turbo inasukuma hewa ndani ya dizeli, na dereva yeyote wa njia hiyo atakwambia lori lenye turbo yake nzima na lile ambalo turbo imekufa ni kama magari mawili tofauti ukifika Mau Summit. Moshi wa eksosi unazungusha kifeni, kifeni kinasukuma hewa, hewa inapita kwa intakula ipoe, inaingia kwa silinda ikiwa nzito. Kwa dizeli hiyo ni kazi rahisi, imefanywa miaka mingi. Kwa tustroki ya petroli ni vita.

Nieleze kidogo kwa nini, maana ndio itatusaidia kupima uvumi. Tustroki haina valvu za kufungua na kufunga kama injini ya boda. Ina matundu ukutani mwa silinda, pistoni ikishuka matundu yanakuwa wazi, moshi unatoka na hewa mpya inaingia karibu wakati mmoja. Sasa kitu gani kinazuia hewa mpya isitoroke na moshi? Ni umbo la eksosi. Lile tumbo kubwa unaloona kwa eksosi ya tustroki linarudisha wimbi la presha nyuma, linaisukuma hewa mpya irudi ndani kabla tundu halijafungwa. Ni kitu kimepimwa kwa milimita. Halafu unakuja kuweka turbo mbele ya huo mlango, joto linabadilika, presha ya eksosi inabadilika, wimbi linafika saa sio yake. Ukikosea kidogo petroli inalipuka ndani ya silinda kabla ya wakati, na tustroki ikilipuka vibaya pistoni inatoboka juu kama bati lililoungua. Ndio maana kwa miaka mingi turbo za hizi mashine zilikuwa za watu binafsi kununua seti ya vifaa na kufunga wenyewe karakana, wengine walifaulu sana na wengine walirudi nyumbani wakiwa wamevutwa na kamba.

Ski-Doo ndio walikuwa wa kwanza kutoa tustroki ya mlimani yenye turbo kutoka kiwandani, kwa mashine yao ya Summit ya modeli ya 2020. Na tazama walichoahidi. Hawakuahidi hosipawa 250. Waliahidi 165 zile zile, ila mpaka futi 8,000, yaani mita 2,438. Walikuwa wanasema ile nguvu uliyolipia tutakufikishia huko juu. Kwangu hiyo ndio ahadi ya maana zaidi imetolewa kwa hii biashara kwa muda mrefu. Polaris, washindani wao, wakafuata na injini ya turbo ya Patriot Boost kwa modeli ya 2022, wao wakasema kwa futi 10,000 inatoa mpaka asilimia 50 zaidi ya 850 yao isiyo na turbo. Watu walishangaa wakafikiri ni maneno ya soko. Lakini piga hesabu, kwa urefu huo injini ya kawaida imebaki na kama asilimia 70 ya nguvu yake, ongeza nusu ya hiyo unafika 105. Yaani Boost ikiwa juu ya mlima inasimama karibu na pale 850 ya kawaida inasimama ikiwa baharini, na kidogo juu. Hesabu inaingiana. Halafu Ski-Doo wakarudi na Turbo R kwa modeli ya 2023, hosipawa 180, na hapo ndipo mbio za namba zilianza upya na uvumi ukapata chakula.

Uvumi huwa unakuja kwa sura zile zile. Kuna wa injini kubwa zaidi, kuna wa turbo yenye presha zaidi, kuna wa turbo kuwekwa kwa injini ndogo, na siku hizi kuna wa umeme. Sio zote zina uzito sawa.

Wa injini kubwa nitaupita haraka. Polaris tayari walipanua ya kwao wakatoa Patriot 9R kwa modeli ya 2023, karibu cc 900, bila turbo, wakisema ni asilimia 7 juu ya 850. Arctic Cat, kampuni nyingine ya hizi mashine, nao wakaja na injini ya 858, na ilipotoka haikuwa na turbo. Ni injini nzuri, na naelewa mtu anayeipenda: anacheza katikati ya miti, anataka akigusa gesi mashine iruke saa hiyo hiyo bila kungoja turbo ipate pumzi, na anataka uzito mdogo mbele. Lakini asilimia 7 mlima unaimeza ukipanda mita 700. Ni kama kutoka Nakuru kabla hujafika Timboroa na umeshamaliza faida yako yote. Kupanua silinda zaidi ya hapo kunaleta mtetemo na pistoni nzito na joto, na tustroki ya silinda mbili haipanuki bila mwisho. Mtu akiniambia injini kubwa bila turbo ndio habari kubwa ya mwaka ujao kwa mlima, sitabishana na yeye, nitamwuliza tu anaishi urefu gani.

Wa presha zaidi ndio unanipa wasiwasi. Kila mara naona watu wanafurahia kama vile presha ni ya bure. Presha zaidi inamaanisha hewa moto zaidi, na hewa moto inakurudisha nyuma mpaka uweke intakula kubwa, na intakula inaongeza uzito na bomba, na theluji ikiziba njia ya hewa unarudi kwa moto ule ule. Petroli nayo lazima iwe ya daraja la juu, na mjini mdogo wa mlimani pampu haina kila daraja siku zote. Tunajua hiyo hapa, si kila kituo kati ya Kericho na Londiani kiko na kile unataka saa unataka. Kisha kuna pistoni, ringi, beringi za krenki, zote zilipimwa kwa nguvu fulani. Ukitoa 180 kwa chuma kilichoanza na 165 umekula akiba. Ukitoa 200 kwa chuma hicho hicho, nionyeshe umebadilisha nini ndani. Kama uvumi unasema presha imepanda na hausemi krenki imebadilishwa ama pistoni ni mpya ama mafuta ya kulainisha yanafika vipi, basi huo ni uvumi wa mtu anayesoma namba tu.

Ile sura ya tatu, turbo kwa injini ndogo, ndio ningependa iwe kweli. Watu wengi wanaidharau. Injini ya cc 600 ama 650 ni nyepesi, inageuka haraka kwa miti, bei yake iko chini, na shida yake kubwa ni kwamba ukiipeleka mita 3,000 inalia. Iwekee turbo ndogo isiyotafuta kuongeza chochote, kazi yake iwe kurudisha kile mlima umechukua tu, na umepata mashine ambayo kijana wa mshahara wa kawaida anaweza kuinunua na kuipanda bila kuwa mtaalamu. Saa hii za turbo zimepita dola 15,000, ambazo ni karibu milioni mbili za Kenya, kwa kitu unachotumia miezi minne mitano ya mwaka. Hiyo bei ndio inawafungia watu nje, hosipawa zilishatosha zamani.

Kwa umeme nitasema kitu ambacho watu wa petroli hawapendi. Mota ya umeme haijui Timboroa ni wapi. Haivuti hewa, kwa hivyo nguvu iliyo nayo Kisumu ndio iko nayo juu. Boda za umeme tayari unaziona Kisumu na hapa Nakuru, na jamaa wanaozipanda watakwambia kwa kilima cha kwenda Milimani ziko sawa kabisa, haina maneno ya kukohoa. Kwa hivyo kwa karatasi ingekuwa ndio jibu la mlima. Lakini betri ni nzito na baridi inaiua, na mashine ya mlimani adui yake mkubwa baada ya hewa ni uzito. BRP, wenye Ski-Doo, walitoa ya umeme na ikawa ya kwenda kama kilomita 50, ni ya kukodisha watalii kwa njia iliyonyooka, sio ya kupotelea nyuma ya milima. Taiga wa Kanada walikuwa wamejitolea kabisa kwa umeme, wakawa hata na modeli ya mlimani, na Julai 2024 wakaenda mahakamani kuomba walindwe dhidi ya watu wanaowadai. Niliumia kusikia hiyo. Lakini inaonyesha umbali uliobaki, na anayevumisha kwamba msimu ujao umeme utachukua milima hajawahi kubeba betri.

Na hapo kwa pesa ndio watu wanasahau kuangalia wakisikia uvumi. Yamaha walikuwa kwa hii kazi tangu 1968, ndio walileta fostroki, injini za valvu kama ya boda, za nguvu watu wakaziheshimu, na Juni 2023 wakatangaza wanaondoka. Arctic Cat wamepitia mikono, kampuni ya Textron iliwanunua 2017, baadaye kiwanda kikasimamishwa, na 2025 wakauzwa tena. Msimu wa baridi wa 2023 kuelekea 2024 theluji ilikosekana sehemu nyingi za Amerika Kaskazini na mashine zikabaki kwa maduka hazijauzwa. Sasa jiulize kama ni kampuni yako, stoo imejaa, wateja wamesubiri theluji haikuja, utatoa pesa ya kutengeneza injini mpya kabisa kutoka chuma cha kwanza? Mimi sitatoa. Nitachukua injini niliyo nayo, ile ya Rotax ya Ski-Doo inayotengenezwa Gunskirchen kule Austria ama ile ya Polaris, niiboreshe turbo, nipunguze kilo mbili tatu, nirekebishe programu ya kompyuta ndio turbo iamke mapema, halafu nibadilishe rangi. Ndio maana kati ya uvumi wote naamini ule usio na sauti kubwa. Sio injini mpya, ni turbo ile ile inayoamka haraka na kuvumilia zaidi. Na wala sioni kama hiyo ni habari ndogo. Turbo kuchelewa ndio malalamiko makubwa ya wapanda mlima, unagusa gesi kwa mteremko mkali, sekunde nusu hakuna kitu, halafu nguvu yote inakuja pamoja na mashine inainuka kichwa. Ukiimaliza hiyo sekunde nusu umemsaidia mtu kuliko kumwongezea hosipawa 20.

Kuna kitu kingine hakijadiliwi na kinaniuma, nacho ni fundi. Yule mzee wa Timboroa alitengeneza pikipiki ya binamu yangu kwa spana moja, jeti moja na brashi ya waya. Hizi injini mpya kila kitu kiko ndani ya kompyuta, turbo ikizingua unahitaji laptopu ya kampuni na ruhusa ya kampuni. Mtu amekwama nyuma ya mlima wa Wyoming kilomita 40 kutoka barabarani, kwa baridi ya chini ya sifuri, na mashine imejizimia nguvu kwa sababu sensa moja imepata maji. Hiyo nayo ni nguvu iliyopotea, na haipimwi kwa farasi. Sijasikia uvumi hata mmoja wa kampuni inayosema modeli yetu mpya utaweza kuifungua na kuirekebisha mwenyewe mlimani. Ningesikia huo ningefurahi kuliko wote.

Wako watu hapa wataniuliza yote haya yananihusu nini. Philip Boit alitoka upande huu wetu wa Eldoret akaenda Nagano 1998 akakimbia kilomita 10 kwa skii, Mkenya wa kwanza kwa Olimpiki za baridi, na Bjørn Dæhlie aliyeshinda ile mbio akamngoja kwa mstari wa mwisho akamkumbatia. Mapafu ya Boit yalikuwa yamezoea mita 2,000 na zaidi tangu akiwa mtoto. Injini nayo inataka mtu anayejua hewa nyepesi ni nini, na sisi tumezaliwa ndani yake. Kijana wa karakana ya Nakuru aliyezoea kusikiliza turbo za malori na kusoma rangi ya plagi ana cha kusema kwa hii mambo, na ningetaka akisema asikilizwe.

Juzi nilimwonyesha binamu yangu ile ahadi ya Ski-Doo, 165 mpaka futi 8,000. Akaniuliza futi 8,000 ni wapi. Nikamwambia ni mita 2,438, hiyo iko mahali kati ya Eldoret na Timboroa. Akafikiria kidogo, mkononi bado ameshika kile kiberiti chake.

"Kwa hivyo kufika kwangu imeanza kupungua?"

Nikamwambia ndio, kidogo.

"Kidogo kiasi gani?"

Nikafungua ile karatasi ya modeli kutoka juu mpaka chini. Rangi zote ziko, urefu wa mkanda uko, bei iko. Hiyo hawajaandika.